Mtu wa Nyuma Ana Kazi Yake
Somo juu ya kupakia na kupakiwa kwenye pikipiki

Ninyi mnaopanda kuja Lemera kutoka bonde la Ruzizi, na ninyi mnaotushukia kutoka vijiji vya milimani, wengi wenu hamji tena kwa miguu. Zamani mgonjwa alichukuliwa kwa kipoyi mabegani mwa watu, na mgeni alikuja na fimbo yake. Siku hizi, mahali ambapo motokaa hukwama, pikipiki ya silinda moja hupita. Humchukua mwalimu, mama wa soko na vitunguu vyake, mchungaji na Biblia yake, tena humchukua mgonjwa. Ni chombo chema, nasi hatusemi vibaya juu yake. Lakini watu wa kufunga vidonda huona mambo ambayo msafiri hayaoni, na kwa hiyo tunaleta somo hili pamoja na yale ya malaria na ya maji safi.

Swali la kwanza: Mtu anayekaa nyuma ya dereva ni nani? Wengi hujibu: Ni mzigo, amelipa, kazi ni ya dereva. Jibu hilo si la kweli, tena limevunja mifupa mingi. Gunia la mihogo likifungwa vema kwa kamba hukaa kimya hata mwisho wa safari. Mtu hakai kimya. Hugeuka kumsalimu jirani, huogopa, huinama upande, husinzia. Kila alifanyalo hufika mara moja katika mikono ya dereva. Basi mtu wa nyuma anasaidia kuendesha, apende asipende. Anaweza kusaidia vema, au kusaidia vibaya.

UZITO WAKE

Pikipiki nyingi za njia yetu, kutoka Uvira kupita Kiliba, Sange na Luvungi hata Kamanyola, zimetoka India, kama Bajaj na TVS, au zimetoka China. Injini zake ni za sentimita za ujazo 100, 125 au 150. Pikipiki ya namna hiyo yenyewe ina kilo 110 mpaka 130 hivi. Mtu mzima wa kilo 65 ni sawa na nusu ya pikipiki nzima. Na nusu hiyo haikai chini penye injini. Inakaa juu, karibu na gurudumu la nyuma.

Kwa hiyo pikipiki yenye watu wawili ni kama pikipiki nyingine, na dereva aliyezoea kwenda peke yake yampasa kujifunza upya. Ikipanda mlima, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hauitiki vizuri. Dereva akiongeza mafuta kwa ghafula, gurudumu hilo laweza kuinuka kabisa. Hapo mtu wa nyuma amsogelee dereva, ainamishe kifua mbele kidogo. Ikishuka, mambo hugeuka. Uzito wote huja mbele, na mtu asiyejishika humtelezea dereva mgongoni, humsukuma juu ya tangi wakati ule ule anapohitaji mikono yake kwa breki. Basi katika kushuka mtu wa nyuma ajizuie kwa mkono kwenye chuma kilicho nyuma ya kiti, akaze magoti yake, wala asimlalie mwenzake.

Kijana dereva, neno hili ni lako. Iko desturi ya kuzima injini mwanzo wa mteremko ili kuokoa esansi, pikipiki ikatelemka bure mpaka chini. Wengine hawazimi, lakini huondoa gia, nayo ni hatari ile ile. Fahamu sababu. Injini iliyo katika gia ya kwanza au ya pili huizuia pikipiki; silinda ile moja hufanya kazi ya breki kilometa nyingi pasipo kuchoka. Ukiiondoa, uzito wote wa watu wawili hubaki juu ya breki peke yake. Na pikipiki nyingi za bei ndogo zina breki za ngoma: vipande viwili hukandamiza ndani ya kitovu cha gurudumu. Vikikandamizwa muda mrefu hupata moto, na vikipata moto sana hupoteza nguvu, hata unakanyaga na pikipiki haisikii. Dereva huvumbua jambo hilo penye kona ya mwisho, maana ndipo breki zimechoka kabisa. Shuka mlima kwa gia ile ile ambayo ungeupandia. Na kama injini yako ni ya zile za kuchanganya oili ndani ya esansi, ujue kwamba yenyewe huzuia kidogo kuliko nyingine. Punguza mwendo zaidi. Akiba ya esansi katika mteremko mmoja haifiki bei ya bandeji moja.

Katika bonde, njia ni tambarare na kosa ni lingine, ni mbio. Pikipiki inayokwenda kilometa 40 kwa saa hupita mita 11 kila sekunde. Mbuzi akitoka majanini, sekunde moja imekwisha kupita kabla mkono haujashika breki, nawe umekwisha kwenda urefu wa nyumba. Ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu ya kugonga haizidi mara mbili, huzidi mara nne. Mtu wa nyuma ana haki ya kusema: Polepole. Mkubaliane kabla ya kuondoka, maana upepo huchukua maneno: kupiga bega mara moja ni kupunguza mwendo, kupiga mara mbili ni kusimama. Na dereva akinuka kasiksi au kanyanga, usipande, hata akiwa ni mtoto wa shangazi yako.

Kabla ya kupakia mtu, dereva atazame mipira. Kitabu kinachokuja na pikipiki huandika hesabu mbili za upepo wa gurudumu la nyuma, moja ya mtu mmoja na moja ya watu wawili, na ile ya pili ni kubwa. Springi za nyuma nazo mara nyingi zina meno ya kukaza kwa ufunguo. Mnyororo upimwe mtu akiwa ameketi, maana pikipiki ikishuka kwa uzito, mnyororo hubadilika. Na usiku, mtu akikaa nyuma, taa ya mbele huinuka na kuangaza miti na macho ya wanaokuja, wala haiangazi mashimo. Yafaa kuishusha kidogo.

KUKETI NA KUSHIKA

Kazi ya mtu wa nyuma si ngumu, lakini ni kazi ya safari nzima. Aketi kwa kupanua miguu pande zote mbili. Nyayo zikae juu ya vikanyagio, wala zisiondoke hata pikipiki inaposimama. Mikono ishike chuma cha kiti au kiuno cha dereva. Katika kona ainame pamoja na dereva, si zaidi wala si kinyume. Watu wengi wakiona pikipiki inalala upande wa kuume hujivuta upande wa kushoto kwa hofu, wakidhani wanaisaidia isianguke. Kumbe wanaisukuma nje ya njia. Njia nyepesi ya kukumbuka ni hii: katika kona, tazama juu ya bega la dereva lililo upande wa ile kona; mwili wako utafuata kichwa chako.

Sasa akina mama. Najua mambo mawili yanawasumbua, nayo hayasemwi sana mbele ya watu.

La kwanza ni haya. Mama wa watu anaona aibu kumshika kiuno kijana asiyemjua, tena mbele ya kijiji. Hatumlaumu. Lakini basi asishike hewa, wala asishike mkoba wake tu. Watengenezaji wa pikipiki wameweka chuma cha kushika nyuma ya kiti kwa ajili ya jambo hili hili. Tatizo ni kwamba madereva wamekifunika kwa mizigo, au wamekiondoa. Mama, kabla hujapatana bei, tazama kama chuma kile kipo na kama mkono wako unakifikia. Kama hakipo, mwite dereva mwingine. Madereva wakiona abiria wanakiuliza, watakirudisha.

La pili ni kikwembe. Kwa ajili ya nguo, akina mama wengi huketi upande, miguu yote miwili ikining'inia kushoto. Kukaa hivyo huweka uzito wote upande mmoja, na dereva yampasa kushindana nao njia nzima. Mguu mmoja tu, au hata hakuna, una mahali pa kukanyaga. Pikipiki ikiruka shimo, mama huanguka kwa kisogo. Tena pindo la kikwembe, au kitambaa cha kumbebea mtoto, huingia ndani ya gurudumu au mnyororo, na gurudumu halingoji; huvuta nguo pamoja na mwenye nguo. Huko India wanawake wengi huketi upande hivyo kwa sababu ya nguo zao ndefu, na serikali yao imewaagiza watengenezaji kuweka kizuizi kinachofunika sehemu ya gurudumu la nyuma. Ndicho kile chuma cha upande wa kushoto mnachokiona juu ya pikipiki mpya. Kwetu wengi hukifungua na kukiweka nyumbani, au kukiuza. Dereva, kirudishe mahali pake.

Lakini hata kikiwapo, heri kuketi kwa kupanua miguu. Mama na avae suruali chini, kisha afunge kikwembe chake juu na kuchomeka mapindo yake chini ya mapaja. Wazee wengine wa kanisa wameuliza kama ni halali. Mimi nimefunga vidonda vya kutosha. Najibu kwamba suruali ya safari, iliyofichwa chini ya kikwembe, haimpunguzii mama heshima yo yote, nayo humwezesha kufika.

MGUU WA KUUME

Tukitazama mguu wa mtu apakiwaye mara nyingi, tutaona alama upande wa ndani, chini ya goti la kuume, pana kama yai au kama kiganja. Ni bomba la moshi. Joto lake hupita mbali joto la maji yanayochemka, na huendelea kuchoma hata injini imezimwa.

Kuna sababu kwa nini sisi twachomwa sana, nayo ni nzuri kuifahamu. Huko India, na hata Uganda, Kenya na Tanzania, watu hupita upande wa kushoto wa njia. Pikipiki hizi zimefanyizwa huko: bomba liko kuume, upande wa katikati ya njia, kizuizi cha nguo na mguu wa kusimamishia viko kushoto, upande wa majani. Abiria wa kule hushukia majanini, mbali na bomba. Lakini sisi wa Kongo, pamoja na jirani zetu wa Burundi na Rwanda, twapita upande wa kuume. Ukishukia majanini kwetu, unashukia juu ya bomba la moto. Ukishuka upande usio na bomba, unashuka katikati ya njia, mbele ya malori.

Tufanyeje basi? Dereva atoke kabisa katika njia, asimame, aweke miguu yake miwili chini na kushika breki ya mbele. Ndipo mtu wa nyuma atazame nyuma yake, kisha ashuke kushoto. Kama mahali ni pembamba na lazima kushuka kuume, ainue mguu juu na kuupeleka nyuma ya kiti, wala asiuburuze kando ya bomba. Kupanda nako ni hivyo hivyo. Usipande kabla dereva hajakuambia.

Akichomwa, mwagieni mahali pale maji safi ya baridi muda wa dakika 20. Ni muda mrefu kuliko mnavyodhani, tumieni saa. Msipake dawa ya meno, wala mafuta ya mawese, wala yai, wala majivu. Msipasue lengelenge. Funikeni kwa kitambaa safi. Kama kidonda chapita kiganja cha mwenyewe, au kama aliyeungua ni mtoto mdogo, au kama mtu hajui siku ya mwisho aliyochanjwa juu ya pepopunda, aje kituo cha afya.

Nikiwa bado kwenye moto, neno moja la kando. Tarehe 2 Julai 2010 lori ya mafuta ilipinduka pale Sange, ikawaka, na watu zaidi ya 200 wakafa. Watu wa bonde hawahitaji kufundishwa esansi ni kitu gani. Hata hivyo bado tunaona bidoni la esansi limewekwa katikati ya dereva na abiria wake, kifuniko chake ni kipande cha nailoni. Usikubali kuketi na kitu hicho.

WATOTO NA KICHWA

Mtoto asiyefikia vikanyagio kwa nyayo zake hana mahali juu ya pikipiki. Miguu yake huning'inia karibu na gurudumu, na kisigino kikiingia katikati ya nyaya zake, huchunwa nyama hata mfupa. Kumweka mbele juu ya tangi ni vibaya zaidi. Pikipiki ikigonga, yeye ndiye anayepondwa kati ya usukani na kifua cha dereva. Na mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni hana kitu nyuma yake ila njia. Mama akianguka kwa kisogo, anamwangukia mtoto. Najua hamna motokaa, na kliniki ya watoto ni Jumanne. Sina mahali pema pa kumwonyesha mama juu ya pikipiki kwa mtoto mchanga. Kama kituo kiko karibu, heri kutembea. Kama ni mbali na hakuna njia nyingine, mtoto afungwe kifuani, si mgongoni, uso wake ukiwa wazi apumue, na dereva aende polepole sana, wala asibebe mtu wa tatu.

Juu ya kofia ngumu, ile ambayo wengine huiita kaske, nitasema machache maana mmesikia mengi. Mwaka 2008 wataalamu walikusanya uchunguzi mwingi wa nchi mbalimbali, wakaona kwamba kofia hiyo hupunguza hatari ya kufa kwa sehemu 42 katika 100, na hatari ya kuumia kichwa kwa sehemu 69 katika 100. Kichwa cha mtu wa nyuma si kigumu kuliko cha dereva, lakini mara nyingi dereva anayo na abiria hana. Abiria husema: Siwezi kuvaa kofia iliyovaliwa na watu wote, nitapata choa na chawa. Ni neno la haki. Chukua kitambaa chako safi, funga kichwa kwanza, kisha vaa. Kaza mkanda chini ya kidevu. Kofia isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini. Na kofia iliyokwisha kupigwa kwa nguvu mara moja imekufa kwa ndani, hata kama rangi yake yang'aa.

MAHALI PA KUSHUKA NA KUTEMBEA

Kuna mahali ambapo kazi ya mtu wa nyuma ni kushuka. Daraja la miti yenye nafasi katikati. Kijito kilichojaa baada ya mvua. Mteremko wa udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Watu wa Uvira wanakumbuka mafuriko ya Aprili 2020 jinsi mito midogo inavyoweza kuinuka kwa usiku mmoja. Usipite maji ukiwa umepakiwa, kama huoni chini yake. Wengine hukataa kushuka, wakisema wamelipa mpaka mwisho. Bei ni ya kufika.

MGONJWA

Sasa tumefika kwenye sababu kubwa ya somo hili. Kila juma wagonjwa huletwa hospitali juu ya pikipiki, na wengine huumizwa na safari kuliko ugonjwa. Mgonjwa hukaa katikati ya dereva na ndugu yake, kichwa kimelala juu ya bega, na ndugu anashikilia juu chupa ya serumu. Watu hao wanafanya hivyo kwa upendo. Je, tutajuaje nani apakiwe na nani asipakiwe?

Kumbukeni tulivyosema: mtu wa nyuma ana kazi. Kuketi amepanua miguu, kukanyaga, kushika, kuinama katika kona, kuangalia. Basi mwulizeni mgonjwa, au mtazameni: Je, anaweza kuifanya kazi hiyo mpaka mwisho wa njia? Mketisheni kwanza juu ya benchi muda wa dakika kumi bila kumshika. Akiweza kuketi, kushika na kujibu maneno, pikipiki yaweza kumchukua polepole. Hivyo mtu mzima mwenye homa aliye na nguvu bado, au mwenye mkono uliovunjika, umefungwa vema kifuani na mkono wa pili ni mzima, waweza kumleta. Akishindwa kuketi juu ya benchi lisilotikisika, hatashinda juu ya pikipiki.

Aliyezimia, au anayeshikwa na kifafa, asipakiwe kamwe. Mtu asiye na fahamu akiketishwa, shingo huanguka na koo hufungwa. Atakufa kwa kukosa pumzi katikati ya ndugu wawili wanaomshika kwa nguvu, wala hawatajua mpaka wafike. Aliyeanguka kutoka juu ya mti, au aliyegongwa, naye analia mgongo, shingo au nyonga, asiketishwe hata kidogo. Mfupa uliovunjika waweza kukata uti wa mgongo, na aliyekuja na maumivu akabaki na miguu isiyosikia. Aliyevunjika paja ni hivyo hivyo. Anayetoka damu nyingi lazima alale.

Na mama mwenye uchungu? Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, alifanya kazi hapa Lemera tangu mwaka 1983. Ameeleza jinsi alivyowaona akina mama waliofika wameumizwa na uzazi mgumu baada ya njia ndefu, na kwamba ndiyo sababu alikwenda Ufaransa kujifunza kazi ya uzazi na magonjwa ya wanawake. Njia zile bado zipo, na milima haikushuka. Mama ambaye uchungu ndio unaanza, anayetembea na kuzungumza kati ya uchungu mmoja na mwingine, aweza kupakiwa kwa mwendo wa polepole. Uchungu ukija, dereva asimame mpaka upite. Lakini mama anayesukuma, au anayetoka damu, au aliyeshikwa na kifafa cha mimba, asiwekwe juu ya pikipiki. Kwa hiyo twawaambia sana akina baba: msingoje usiku wa uchungu ndipo mtafute dereva. Mama aliyezaa kwa kupasuliwa, au aliyeambiwa kwamba mtoto amekaa vibaya, ashuke au apande mapema, siku zikiwa zimebaki, akae kwa jamaa karibu na hospitali.

Wengine kati yenu mnaruhusiwa kwenda nyumbani baada ya kupasuliwa, na pikipiki inangoja langoni. Ulizeni muuguzi kwanza. Kama hakuna motokaa na ameruhusu, mgonjwa akunje kikwembe, akikandamize juu ya kidonda kwa mkono mmoja penye mashimo, na mkono wa pili ushike.

Katika wilaya ya Mangochi, nchi ya Malawi, walijaribu miaka ya 2001 na 2002 pikipiki zilizoungwa kitanda cha pembeni, ambapo mgonjwa hulala. Akina mama wa uzazi walifika upesi kuliko zamani, tena kwa gharama ndogo kuliko motokaa. Pikipiki za namna hiyo ni njema kwa nchi yenye njia pana. Juu ya vijia vya milima yetu, ambako mbuzi wawili hawapishani, gurudumu la tatu halina mahali.

Kwa hiyo msivunje vipoyi vyenu. Kijiji kiwe na kimoja kilicho tayari: miti miwili iliyonyoka, imara, na blanketi au magunia mawili yaliyotobolewa kwenye pembe, miti ikapita ndani yake. Kijaribuni kwanza kwa kumbeba mtu mzima. Wachukuzi wawe wanane, wanne wakibeba na wanne wakipumzika. Mahali tambarare na katika kushuka, miguu ya mgonjwa iende mbele. Katika kupanda, kichwa kiende mbele, ili kichwa kisiwe chini ya miguu. Mtu mmoja aende karibu na uso wake, akisikiliza pumzi.

Na pikipiki itangulie. Mpakieni mtu mwenye akili na miguu mizima, anayejua jina la mgonjwa, saa ugonjwa ulipoanza, na dawa alizopewa. Afike mbele kwa muuguzi, aseme: Wanakuja kwa njia fulani, mama anatoka damu, ni mimba ya miezi tisa. Ndipo taa ya chumba cha kupasulia itawashwa, watu wa kutoa damu wataitwa, na kama motokaa ipo, itatumwa kuwalaki wachukuzi pale barabara inapoanza.